JE, TARAKILISHI HAIMBAGUI MTU?

Najua wengi wenu mkilipata jarida hili la Chama huanza na ukurasa wa vichekesho, kisha mafumbo, halafu picha za ziara, na makala kama haya huachiwa walimu. Leo nawasihi mnivumilie. Nina deni la mtu, na deni lenyewe nililikopa mbele yenu, katika ukumbi wetu wa maakuli, Ijumaa moja ya mwezi wa pili mwaka huu wa 2026.

Mliokuwapo mnaikumbuka siku hiyo. Chama cha Kiswahili kiliandaa mjadala na hoja ilikuwa: Tarakilishi ni mwalimu bora kuliko binadamu. Mimi nilikuwa mzungumzaji wa kwanza wa upande wa utetezi. Nilisimama, nikaiweka tai sawa, nikaanza kama ilivyo ada: mwenyekiti mwadilifu, waamuzi msiopendelea, mtunza saa makini, na ninyi wapinzani wetu ambao leo mtarudi nyumbani mikono vichwani. Ukumbi ukachangamka. Nikasema tarakilishi haichoki. Haichelewi ati matatu ilikwama. Haiombi ruhusa kwenda mazishini, wala haigomi. (Hapo walimu walicheka, lakini si sana.) Nikamalizia na neno nililokuwa nimelitunza tangu Jumatatu: tarakilishi haimbagui mtu! Mtoto wa tajiri akibonyeza na mtoto wa maskini akibonyeza, jibu ni lilelile.

Nilipigiwa makofi ya kilo.

Ulipofika wakati wa maswali ya hadhira, kijana mmoja aliinua mkono kule nyuma. Huyo ni jirani yangu wa dawati. Tumeketi pamoja tangu tuingie kidato cha kwanza 2024. Jina lake silitaji, ameniomba. Aliuliza swali fupi tu: "Na asiye na cha kubonyeza?" Basi na mimi, kwa kuwa yale makofi yalikuwa bado yamenipanda kichwani, nikajibu papo hapo, "Abonyeze kengele." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waamuzi wakatupa ushindi. Jirani yangu naye alicheka, au niseme alionyesha meno.

Sasa niwaambie jambo ambalo hadhira haikulijua nami nililijua fika. Juma lilelile, mwalimu wetu mmoja alikuwa ametuma kazi ya ziada kwa WhatsApp, kwenye kundi la wazazi, saa mbili usiku. Sisi wanafunzi wa kutwa haturuhusiwi simu shuleni, kwa hivyo kazi za jioni hupitia simu za wazazi. Mimi niliipata kwa simu ya mama. Jirani yangu hakuipata. Baba yake ni bawabu katika shamba moja la maua hapa Naivasha, na kwao simu ya WhatsApp ni moja tu, ya baba. Saa kumi na moja jioni baba anatoka kwenda lindo na simu inatoka naye. Mama yake ana kabambe, ile mulika mwizi yenye tochi na redio basi.

Asubuhi wasiofanya kazi waliitwa mbele. Alisimama pamoja na wavivu wa kweli, ambao nawajua na wao wenyewe wanajijua, akapewa fyekeo na kipande chake cha uwanja. Hakuulizwa kwa nini. Naye hakusema. Mtu wa miaka kumi na sita atasimamaje mbele ya watu 52, nusu yao wasichana, aanze kueleza habari za simu ya kwao? Nami niliyekuwa ubavuni mwake, na kazi yenyewe i katika daftari langu tangu jana yake, nilinyamaza kama maji mtungini. Siku tatu baadaye ndipo nikapanda jukwaani kutangaza kwamba tarakilishi haimbagui mtu.

Msidhani sisi kwetu tuna raha sana. Kuanzia mwisho wa Januari mpaka karibu na Valentine, watu wa mashamba ya maua hufanya kazi kama mchwa, maana mawaridi yanangojwa Ulaya. Mama yangu yumo katika chumba cha kupanga na kufunga maua. Siku hizo hurudi saa tatu, saa nne usiku, miguu imevimba, na simu yake haina chaji wala bando. Mara mbili nami niliikosa kazi ya jioni. Mbona sikufyeka? Nilinakili asubuhi kwa mtu kabla ya kengele. Nina marafiki wengi na mdomo mwepesi. Jirani yangu ni mpole, haombi. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu, wala si bidii.

Tangu siku ile nimeona kwamba hoja ya mjadala wetu iliwekwa vibaya. Kuuliza kama tarakilishi ni bora kuliko mwalimu ni sawa na kuuliza kama jembe ni bora kuliko mkulima. Swali la haki ni hili: mwalimu anayefundisha vizuri kwa mashine hizi hufanya nini ambacho mwenzake, mwenye mashine zizo hizo, hakifanyi? Mimi nimefundishwa na wote wawili, kwa hivyo nina haki ya kusema. Kwa maoni yangu, mmoja anajua ni nani hakuelewa na ni nani hakufikiwa. Mwingine hajui, na mashine haimwambii.

Kwanza nirudi nyuma kidogo. Sisi wa kidato cha tatu mwaka huu ndio mkia wa 8-4-4. Tulifanya KCPE ya mwisho 2023, na nyuma yetu shuleni hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kuna Gredi ya 10 wanaotutazama kama vitu vya makavazi. Lakini pia sisi ndio tuliokuwa darasa la kwanza 2016, mwaka ule serikali ilipoanza kugawa vishikwambi. Katika kampeni za 2013 ahadi ilikuwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ilipofika 2016 ahadi ikaja kwa umbo la vishikwambi, pamoja na vipakatalishi viwili vya walimu na projekta kwa kila shule. Kwa jumla vifaa zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Si jambo la kubezwa hilo.

Katika shule yangu ya msingi vilipokelewa kama bwana harusi. Chumba kikatiwa vyuma madirishani, mlango ukawa wa chuma, kufuli zikawa mbili. Mimi nilikishika changu mara tatu. Mara ya kwanza tulifundishwa kukiwasha. Mara ya pili tulifundishwa kukiwasha tena, kwa sababu tulikuwa tumesahau. Mara ya tatu tulipaka rangi picha ya ng'ombe, kengele ikalia, vikarudishwa. Mwalimu wetu, maskini, alikuwa na watoto 87 na hofu moja kubwa, kwamba kimoja kitaanguka kivunjike. Simlaumu. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Somo la siku ile lilikuwa kuhesabu kwa kumi kumi, na baada ya ng'ombe wetu wa kijani hakuna aliyehesabu chochote.

Majuzi katika chumba chetu cha tarakilishi nilisoma muhtasari wa ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu. Inataja Peru, ambako zaidi ya vipakatalishi milioni moja viligawiwa bila kuingizwa katika ufundishaji wenyewe, na masomo ya watoto hayakuboreka. Kumbe si sisi peke yetu! Nilifarijika, kisha nikaona haya kwa kufarijika.

Tuje hapa shuleni. Kuna somo moja ambalo silitaji, maana mwenye somo ni msomaji wa jarida hili na mitihani ingali mbele. Mwalimu huingia na projekta, mapazia yanafungwa, na ukutani huanza kupita kurasa zilizojaa maandishi. Siku moja ya vipindi viwili mfululizo nilihesabu kurasa 64. Sisi tumeinama tunanakili mbio mbio. Ukurasa ukibadilishwa kabla hujamaliza, unachungulia kwa mwenzako, naye anachungulia kwa mwingine. Kwa kuwa ni giza, mwalimu hatuoni na sisi hatumwoni. Wa nyuma wanalala, na nasema kwa ushahidi kwa sababu nimewahi kuwa wa nyuma. Mwishoni anauliza, "Mmeelewa?" Tunaitika kwa sauti moja, "Ndiooo!" Basi, projekta inazimwa. Siku moja stima ilipotea ukurasa wa 9. Tulingoja. Mwalimu akasimama mlangoni akitazama nguzo ya stima kama atakayeona kitu, mwishowe akasema somo litaendelea stima ikirudi, akaenda zake. Ubao ulikuwapo na chaki ilikuwapo.

Nisieleweke vibaya. Mwalimu huyo si mvivu. Kuandaa kurasa 64 ni kazi ya usiku mzima, na bando ni la mfuko wake. Ndiyo maana nasikitika. Jasho lote lile liliishia ukutani.

Sasa niwapeleke kwa Madam wa Fizikia. Huyu nitamsifu waziwazi, hata mkisema natafuta alama. Projekta anayotumia ni ileile moja ya shule, yenye doa la kijani pembeni. Kipakatalishi ni chake. Tulipokuwa kwenye mada ya umeme alikuja na programu ya bure iitwayo PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani. Ni mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Aliipakua nyumbani kwake kwa sababu intaneti ya shule ina tabia ya kukatika, na ukishaipakua inafanya kazi bila mtandao.

Akaonyesha ukutani betri moja na balbu mbili zinazofanana, zimefungwa moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya. Swichi ilikuwa imezimwa. Akauliza: nikiwasha, ni ipi itakayong'aa zaidi, hii iliyo karibu na upande wa chanya wa betri, ile ya mbali, ama zitalingana? Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Hakuwasha. Alisema kila mtu aandike jibu lake daftarini kwa kalamu, si penseli, na chini yake aandike kwa nini. Halafu akangoja. Dakika tatu nzima projekta inavuma na ukutani hakuna kinachotendeka! Mapazia yalikuwa wazi. Alikuwa akipita kati ya madawati, anasoma madaftari yetu, anaguna, hasemi neno.

Akahesabu mikono. Watu 33 kati yetu 52, nami nikiwemo, tulisema ni ile ya karibu. Sababu yetu ilikuwa kwamba umeme unaliwa na balbu ya kwanza na ya pili inapata makombo. Wawili walisema ya mbali, sijui waliwaza nini. 17 walisema zitalingana. Madam hakutuambia ni nani kapatia. Alisema, "Geukia jirani yako, mbishane."

Jirani yangu alikuwa mmoja wa wale 17. Nilimwendea kwa kishindo, kama siku ile ya mjadala, na ule mfano wangu wa makombo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema polepole, "Wee, kule ploti kwetu kuna mita mbili za maji kwenye bomba moja, ya landilodi na ya kampuni. Maji yakipita mita ya kwanza, ya pili inasoma maji kidogo?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Madam akawasha. Balbu zikang'aa sawasawa, na vile vidoa vidogo vinavyoonyesha chaji vikawa vinapita kwa mwendo mmoja kotekote katika waya, kabla ya balbu, kati ya balbu na baada ya balbu. Makelele yaliyotoka mle ndani yalimleta mwalimu mkuu dirishani.

Laiti angeishia hapo, ningemsifu kiasi. Lakini alitoa kwenye mkoba balbu mbili za tochi, betri na nyaya, akazifunga vilevile mezani. Za mezani hazikulingana! Moja ilizidi nyingine kidogo. Tukazomea tukidhani ameumbuka, kumbe alikuwa akingojea hilo. Akazibadilishana nafasi, na iliyong'aa zaidi ikaendelea kung'aa zaidi hata ilipokuwa ya mbali. Akauliza kwa nini zile za ukutani zililingana kabisa na hizi hazilingani. Tulibishana mpaka kengele. Jibu tulilofikia ni kwamba mle ndani ya mashine balbu zimeambiwa zifanane, lakini balbu za dukani hakuna mbili zinazofanana kabisa. Mimi mpaka leo nikiona kitu kwenye kioo cha tarakilishi hujiuliza ni nini kimeambiwa kifanane humo. Hilo halikuwa katika silabasi, na sitalisahau.

Madam naye stima ilimkatikia siku nyingine. Alichora betri na balbu ubaoni, akauliza swali lililokuwa likifuata, tukaendelea. Somo lake lilikuwa katika lile swali, kwa hivyo projekta ilipozimika halikuzimika nayo.

Nilimfuata ofisini kumuuliza alikoipata mbinu hii. Akanisimulia habari za Eric Mazur, mwalimu wa Fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Bwana huyu alikuwa akisifiwa na wanafunzi wake kwa kufundisha vizuri, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipowapa maswali mepesi ya kuelewa, yasiyo ya kukokotoa, akagundua kwamba wengi walikuwa wamekariri tu. Harvard hiyo! Akaanza kuuliza, kuwaacha wajibu, wajadiliane na jirani, halafu wajibu tena. Kitabu chake juu ya njia hiyo kilitoka 1997. Baadaye vikaja vifaa vya kubonyeza, lakini mwanzoni watu walijibu kwa mikono na kadi tu. Kwa hivyo hata anayesema shule yetu ni maskini, mikono tunayo.

Mtaani kwetu Karagita yupo mzee mwalimu mstaafu, sote humwita Mwalimu hata wasiowahi kufundishwa naye. Nilipomsimulia habari za balbu alicheka akasema hilo si geni. Enzi zake, Sauti ya Kenya ilipokuwa bado haijawa KBC, kulikuwa na matangazo ya shule redioni, na mwalimu alikuwa na kijitabu chake. Kabla ya kipindi kuanza aliandika maneno magumu ubaoni. Kipindi kikiendelea alizunguka akitazama nyuso. "Redio ikizimwa," akaniambia, "hapo ndipo nilipoanza kufundisha."

Maneno hayo yalinikumbusha 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona nilikuwa darasa la tano, na darasa letu halikurudi mpaka Januari 2021. Masomo yalihamia redioni, runingani na mtandaoni. Sisi tulikuwa na redio. Mwalimu wa redioni alikuwa na sauti tamu, na Kiswahili chake cha kupigiwa mfano. Aliuliza swali, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Vizuri sana!" Mimi nilikuwa sijajibu. Nilikuwa namnyoa mdogo wangu. Vizuri sana nani? Yule mwalimu alifanya alivyoweza, lakini hakuwepo wa kuizima ile redio na kuniuliza mimi, wewe hapo mwenye wembe, umeelewa nini?

Nisije nikaisahau akili unde, maana ndiyo wimbo wa sasa. Katika mashindano ya insha ya Chama muhula huu, kichwa kilikuwa "Siku ya Soko Mjini Kwetu." Insha moja ilikuja ikiwa imenyooka kama shati lililopigwa pasi, sarufi safi, methali kila aya. Kasoro yake ilikuwa moja: mwandishi alisikia mawimbi ya bahari yakivuma karibu na soko. Hapa Naivasha! Sisi tuna ziwa na viboko, bahari tunaiona kwenye kalenda. Kamati ilitaka kumwondoa na kumtangaza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikataa. Aliipiga chapa insha hiyo, akalificha jina, akatugawia darasani tuisahihishe: ni wapi anaona soko na ni wapi haoni? Hapakuwa na harufu ya samaki. Hapakuwa na yule mama wa mitumba anayekuita "kastoma" hata ukiwa na sare. Tuliandika upya aya moja kila mtu, na mwenye insha aliandika pamoja nasi. Aya yake ilikuwa juu ya mzee anayenoa visu kwa baiskeli. Ndiyo iliyosomwa mbele ya darasa, na hakuna aliyeamriwa kupiga makofi.

Najua walimu mkisoma hapa mtasema, kijana, wewe huna madarasa matano ya watu hamsini, huna madaftari ya kusahihisha, hununui bando kwa mshahara wako. Kweli. Na najua kuna wenzangu watakaosema mbona namtetea asiye na simu kana kwamba simu ndiyo elimu, kwani wazazi wetu walisoma kwa koroboi. Kweli pia. Lakini enzi za koroboi kazi ya jioni iliandikwa ubaoni, na kila aliyekuwa na macho aliiona. Simu ndiyo iliyoweka mlango ambapo hapakuwa na mlango.

Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha nilijipa moyo, nikamwendea yule mwalimu wa WhatsApp. Nilimwambia habari za simu ya bawabu, bila kutaja ni bawabu gani. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mbona hamkusema?" Sikuwa na jibu. Tangu muhula wa pili kazi zake huandikwa ubaoni kabla ya saa kumi, na anayetaka kuziona tena kwenye simu azione. Wengine bado wanatuma usiku. Kwa hao naomba, kabla ya fyekeo, ombi dogo: muulize mtu kando, si mbele ya darasa, kazi ilimfikia vipi. Na kama ni lazima itumwe usiku, arafa ya kawaida huingia hata kwa kabambe.

Kuna na jambo la chumba cha tarakilishi. Mle ndani zimo mashine 12, na 9 zinafanya kazi. Saa kumi kamili hufungwa, na ufunguo huenda nyumbani na mtu. Kwa wenye tarakilishi kwao hilo si neno. Kwetu sisi, saa ile moja kutoka saa kumi mpaka saa kumi na moja ndiyo ingekuwa saa yenyewe. Madam wa Fizikia amekubali kukaa Jumanne na Alhamisi akipata ruhusa. Chama cha Kiswahili kimekubali kutoa watu wawili wa zamu wa kufagia na kuhesabu vipanya visitembee. Barua tuliiandika tarehe 8 mwezi wa Juni. Tunangoja.

Kabla ya kuleta makala haya kwa mhariri nilimpa jirani yangu ayasome. Alisoma yote, mpaka sehemu ya kengele, akairudia hiyo mara mbili. Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kulisema hilo tangu nyumbani na bado lilitoka vibaya. Alinirudishia karatasi akasema, "Peleka, lakini jina usiweke. Na ile ya mita usiipunguze."

Sikuipunguza.